Tundu la Fimbo ya Mzee Maximilian

Getruda alikuwa mwenyekiti wa kamati ya vyoo, na hakuwa mwenyekiti wa mchezo. Miezi minne alizunguka kaya zote za kitongoji, akifungua milango ya vyoo vya watu bila haya na kutikisa vibuyu chirizi kuona kama vina maji ya kunawa. Asiyechimba alisemwa mpaka akachimba. Choo chake mwenyewe kilikuwa cha mfano: sakafu ya saruji, mfuniko, mlango wa bati. Ijumaa bwana afya angekuja kukagua, na kikionekana kinyesi popote, kitongoji kingeanza kazi yote upya.

Jumatano kamati ilifanya mzunguko wa mwisho. Nyuma ya shamba la ulezi la Getruda wakakuta kinyesi, cha asubuhi ile ile. Pembeni yake udongo ulikuwa na tundu moja dogo, la mviringo. Mwenye fimbo ya ncha ya chuma kitongojini alikuwa mmoja tu, Mzee Maximilian, baba mkwe wa Getruda.

Isdori, aliyewahi kuumbuliwa na mwenyekiti huyo mbele ya watu kwa kukosa choo, alilitazama lile tundu, akakohoa.

"Labda mpita njia," akasema. Hapo alikuwa anamsitiri.

Getruda alitamani kuitikia. Badala yake akasema, "Ni mtu wa kwangu. Andikeni."

Aibu ilimpata, lakini huruma ilimzidi. Choo cha zamani cha mzee kilibomoka masika, Getruda akajenga kimoja kizuri cha wote, akajisifu. Alisahau jambo ambalo hata mtoto wa Kifipa analijua: mtu na mkwewe hawachangii choo. Kila nyumba aliuliza kama choo kipo, hakuuliza nani hawezi kukiingia. Kumbe mzee wa miaka sabini na sita alikuwa akienda kuchuchumaa kwenye baridi na upepo kwa sababu yake yeye, na kwa heshima asingeweza kumwambia. Wala yeye asingeweza kumuuliza.

Alichukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba ya mzee, akaanza kuchimba. Mzee alitoka, akamgeukia kuku aliyekuwa akiparua hapo.

"Wewe kuku, unachimba karibu mno na ukuta. Nyumba itaniangukia."

Getruda akasogea hatua sita, akaanza upya. Jioni Isdori akaja na sururu na wanaume wawili, wala hakuna aliyemwomba. Alhamisi shimo lilifunikwa kwa magogo na udongo, nyasi zikasimama pande zote, kibuyu chirizi kikaning'inia. Mzee alipita mara mbili, akamsifia yule kuku kwa kazi.

Ijumaa bwana afya aliuliza kwa nini kaya moja ina vyoo viwili wakati kile cha saruji kinatosha. Getruda akamjibu kwamba ndani ya kaya hiyo wamo wakwe, na kwamba kwenye fomu yake swali hilo halimo. Bwana afya akacheka, akaliandika pembeni, wakaenda kukikagua cha nyasi.

Mbele ya mlango, kwenye udongo mbichi, palikuwa na tundu moja dogo, la mviringo. Machozi yalimlengalenga Getruda. Akalikwepa asilikanyage.