Kura Yenye Jembe la Likwata

Mwaka tisini na tano, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, nilikuwa wakala wa Mzee Kondo, mgombea ubunge, pale shuleni Milola. Milola ndiko alikozaliwa. Nilikuwa nimemwapia mbele ya watu: "Jimbo sijui, lakini hapa kijijini kwetu hushindwi." Mtu akishindwa jimbo, amekosa bahati. Akishindwa kijijini kwake, huo ni msiba, na mleta matanga ni mimi.

Msimamizi wa kituo alikuwa Mwalimu Skolastika, Mmakonde wa Newala, mwembamba kama mshale wa saa na hachelewi kama mshale huohuo. Mimi Mmwera, kwa hiyo ni mtani wangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo Wamakonde mmepewa karatasi mhesabu! Mtafika kumi?"

"Tutafika. Na uongo wako tutauhesabu fungu lake mbali."

Kupiga kura kulipokwisha, sanduku likamwagwa mezani. Hapo ndipo tulipoona maajabu. Wazee wetu, miaka yote ya chama kimoja, walimchagua mbunge kwa alama ya jembe au ya nyumba. Safari hii hawakuziona alama hizo kwenye karatasi. Wakaona serikali imesahau, wakaisaidia: waliompenda Kondo walimchorea jembe kwenye kisanduku chake, waliompenda mpinzani wake, Valentini, wakamjengea nyumba. Nyumba moja ilikuwa na madirisha, mlango na, wallahi, kuku uani.

Nikodemu, wakala wa Valentini, kuona majembe akaruka. "Zimeharibika hizo!"

"Umeharibika wewe!" nikamjibu.

Mwalimu hakupandisha sauti. Alifungua kijitabu cha maelekezo, akatusomea polepole kama tuko darasa la pili: alama yoyote inayoonyesha wazi nani kachaguliwa inakubalika, ila isimtambulishe mpiga kura. "Majembe yanahesabiwa. Na nyumba pia, mzee, usinikunjie uso."

Tukahesabu. Kila karatasi aliinua, akatuonyesha, akaiweka. Nzi alitua juu ya fungu la Kondo, Mwalimu akamfukuza kabla hajahesabiwa. Ikabaki karatasi moja. Valentini mia moja arobaini na saba, Kondo mia moja arobaini na sita. Akaifunua: jembe la Kondo! Sare! Sare ningeipamba mpaka ikawa ushindi.

Lakini hakuiweka. Alikuwa akitazama vistari viwili vilivyochorwa kwenye shingo ya lile jembe.

"Vistari hivi ni vya nini?"

Nilikuwa na jibu. Majibu sijawahi kupungukiwa. "Mikunjo ya karatasi, Mwalimu. Labda mzee wa watu mkono ulitetemeka."

"Ulitetemeka mara mbili, sawasawa?"

Akaenda kwenye kona ya darasa, yalikorundikwa majembe ya shamba la shule. Akaokota moja, akalipangusa udongo kwa khanga yake. Shingoni, vistari viwili. La pili, vistari viwili. La tatu.

"Mzee, wewe ndiye mwenyeji. Majembe haya anafua nani?"

Nikodemu wa watu alikuja kutoka Rasbura, Lindi mjini, hajui kitu. Ningesema yameletwa kwa meli kutoka Uchina, angeandika. Nikamtazama yule binti aliyehesabu majembe yangu na nyumba za wenzangu kwa haki ileile, nao uongo, kwa mara ya kwanza tangu nibalehe, ukakataa kutoka.

"Likwata," nikasema. "Mhunzi wetu. Kijiji kizima anayeweka alama hiyo ni yeye tu."

"Basi hii imemtaja mwenyewe. Haihesabiwi." Akaiweka kando, akanisogezea fomu ya matokeo. "Utasaini?"

Nikasaini kabla ya Nikodemu, kalamu ikinisugua vidole kama msasa.

Nje watu walikuwa wamejaa, Kondo mbele, amevaa kanzu ya ushindi. Likwata naye yupo, anamwuliza kila mtu kama mhuri wake umeonekana vizuri.

"Haya, sema!" akanihimiza Kondo.

"Umeshindwa. Mia na arobaini na sita kwa mia na arobaini na saba."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kondo mwenyewe akanipiga mgongoni: "Huyu mzee kwa uongo hajambo!"

Wakaendelea kucheka mpaka Mwalimu Skolastika alipotoka na gundi, akabandika karatasi ya matokeo mlangoni.