Boza Lililoruhusiwa

"Usikanyage mpira wangu, wee!"

"Mpira wako ndio uliolala juu ya wangu. Uamshe!"

Wanawake walikuwa wamepanda juu ya boza, lile lori la maji, na kutumbukiza mipira yao ya kuvutia maji kwenye mdomo wa tangi. Ilikuwa mipira ya kijani na ya bluu, mingine imeungwa kwa vipande vya mirija ya baiskeli. Chini, waume zao waliivuta kwa midomo mpaka maji yalipofika, kisha wakatema na kucheka. Hoshiar hakucheka. Alikuwa kwenye usukani, mguu juu ya pedeli ya mafuta, akiulea mngurumo wa injini kama mtu anayekesha na mgonjwa asiyetakiwa kulala.

Ilikuwa siku iliyofuata Diwali, sikukuu ya taa. Fataki zilikuwa zimekwisha, lakini moshi wake haukuwa umepata pa kwenda. Ulikuwa umelala juu ya Delhi nzima, na jua lilikuwa doa tu ambalo mtu aliweza kulikodolea macho bila kuumia. Moshi wa boza ulitoka ubavuni, ukaenda moja kwa moja kwenye mlango wa Bibi Phulmati. Uchochoro ulikuwa mwembamba na boza halikuwa na mahali pengine pa kusimama. Bibi alikuwa ametundika gunia lililolowa mlangoni pake.

"Hoshiar mwanangu," sauti yake ilitoka nyuma ya gunia. "Leo pia injini inaogopa baridi?"

"Leo pia, Bibi. Fundi kasema injini hii ikipoa itaharibika. Tuvumilie kidogo."

"Mie navumilia. Mlango ndio hauvumilii, umekuwa mweusi kama sufuria ya harusi."

Wanawake wa juu wakaangua kicheko. Bibi naye akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikachukua muda wake. Kisha akasema, "Haya, fundi akisema, basi. Yeye ndiye anayejua."

Hakukuwa na fundi.

Sheria ilipokuja kwamba magari ya dizeli yaliyozeeka yaondoke barabarani, maboza nayo yalitakiwa kuondoka. Wakili mmoja akaiomba mahakama iyaache yale yanayopeleka maji kwenye vichochoro visivyo na bomba, akamchukua Phulmati akaseme mwenyewe. Hoshiar alikuwepo siku hiyo, amesimama nyuma karibu na mlango. Jaji alimwuliza bibi kama anajua moshi ule unafanya nini ndani ya kifua kama chake.

"Mheshimiwa, kifua changu nakijua, tunalala pamoja," alijibu. "Lakini dengu haiivi bila maji."

Jaji akaficha tabasamu kwa kiganja. Ruhusa ikatoka: maboza yaendelee, ila kila linaposimama, injini izimwe. Sharti hilo jaji alilitamka akimtazama Phulmati, kama mtu anayempa mgeni kitu cha kuondoka nacho. Ofisi nayo ikatoa betri mpya kwa kila boza, ili kuzima na kuwasha kusiwe kazi.

Ile ya Hoshiar ilikaa garini siku chache tu. Mdogo wake, Mahipal, alikuwa na kirikuu, kigari cha mizigo cha dizeli alichobebea mboga sokoni. Kilikuwa kipya kuliko boza, lakini mahakamani hakikuwa na mtu wa kukisemea. Walikikamata barabarani, kikapelekwa kupondwa, na Mahipal akabaki na kamba za kufungia mizigo. Akajitafutia bajaji ya umeme iliyotumika, na betri moja kati ya zile za kuiendesha ilikuwa imekufa. Jioni hiyo walikula pamoja. Mahipal hakuomba kitu. Alikata mkate wake vipande vidogo na kusema tu, "Gari lako lina wakili, kaka. Langu lilikuwa na mimi."

Kesho yake Hoshiar akampelekea betri.

Tangu hapo boza lilirudi kwenye betri kuukuu. Asubuhi aliliwasha kwa kuliachia kwenye mteremko wa yadi ya magari, na likishawaka halikuzimwa mpaka jioni. Huku uchochoroni hakukuwa na mteremko.

Alfajiri ya siku hii ya baada ya Diwali ilimuuma zaidi. Ni siku ambayo mafundi na madereva huviabudu vyombo vyao vya kazi, na hakuna anayeshika spana. Yadi nzima ilikuwa kimya. Makatapila na malori ya taka yalikuwa yamevishwa mashada ya maua ya manjano. Maboza pekee yangetoka, kwa sababu kiu haina sikukuu. Bwana Tyagi, msimamizi wa yadi, alipita gari hadi gari na sahani ya poda nyekundu, akipaka alama kwenye usukani, magurudumu, injini na betri.

"Fungua sanduku la betri, nalo lipate baraka," alimwambia Hoshiar.

"Nimeshalipaka, bwana."

"Haraka hivyo? Umekuwa mcha Mungu siku hizi!"

Alikuwa amepaka kifuniko tu, maana ndani mlikuwa na betri kuukuu. Tyagi alipoondoka, Hoshiar aliunganisha viganja mbele ya boza ili aombe radhi kwa kila alipolitumia vibaya, maana ndivyo mtu anavyofanya siku hiyo. Alianza, "Ee Vishwakarma, Fundi Mkuu wa mafundi," na maneno yakaishia hapo. Angeombaje radhi kwa kitu ambacho saa moja baadaye angekwenda kukifanya tena?

Sasa kikohozi nyuma ya gunia kilikuwa kimebadilika. Hakikuwa tena kile cha kuja na kupita. Sunaina, mke wa mwanawe Phulmati, akatoka mbio na unga mikononi.

"Kaka dereva, zima! Mama hapati pumzi. Zima hilo gari!"

"Nusu dakika, dada." Alikuwa ameshatoa simu. Mlio wake uliita kwa muda mrefu huku moshi ukiendelea kutoka, naye alijua unaendelea kutoka.

"Mahipal, ilete betri. Sasa hivi."

"Leo? Kaka, leo ni sikukuu, nimebeba familia nzima na masanduku ya vitamutamu vya laddu." Kulikuwa na kengele na watoto wakiimba nyuma yake. "Nikiitoa hapa nitaisukuma bajaji mpaka nyumbani. Ulinipa mwenyewe, sikukuibia."

"Hukuniibia."

"Basi nini? Gari lako si ndilo lililoruhusiwa na mahakama?"

Hoshiar alikata simu. Aligeuza ufunguo.

Boza lilitikisika, likakohoa mara mbili, likanyamaza. Wanawake wa juu wakageuka wote. Yeye alishuka, akavua viatu mlangoni kwa mazoea, akalisogeza gunia.

Phulmati alikuwa ameketi kitandani, mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka. Sunaina alimsugua mgongo. Ikachukua muda kabla macho ya bibi hayajamwona.

"Umezima," alisema. "Fundi atagomba."

"Bibi, hakuna fundi."

Alimtazama. "Amekufa?"

"Hajawahi kuwepo. Betri niliyopewa kwa ajili ya kuzima, nilimpa mdogo wangu. Nikizima, haliwaki tena. Ndiyo maana nilikudanganya."

Sunaina aliacha kusugua. Nje mtu alisema maji yanamwagika, mtu akakimbia.

"Mie nilikuwa namwombea," Phulmati alisema.

"Nani, Bibi?"

"Huyo fundi. Kila asubuhi nikiwasha taa ya sala. Namwambia Mungu, mpe akili yule kijana alitengeneze gari la watu." Alipumzika. "Muda wote ule, namwombea mtu ambaye hayupo."

Hoshiar aliinama amguse miguu kuomba radhi. Bibi aliivuta miguu yake ikapanda kitandani.

"Usiniguse. Na ondoka hapo mlangoni, unaniziba hewa."

Akaondoka mlangoni. Nyuma yake sauti ya bibi ikaendelea, nyembamba: "Na wa uchochoro wa nyuma? Maji yao yamo humo bado."

"Nitayabeba."

"Yote?"

"Yote, Bibi."

"Kaka dereva leo kageuka mchukuzi," Sunaina alisema kwa uchungu, lakini alimsukumia ndoo zake mbili.

Alibeba. Uchochoro wa nyuma ulikuwa na wazee wasioweza kuja na vyombo, akawajazia mitungi mmoja baada ya mwingine. Kila alipoulizwa gari liko wapi alisema, "Nimelizima." Wengine wakamshukuru, na shukrani hizo zilikuwa nzito kuliko ndoo. Maji yalimlowesha suruali mpaka magotini, vumbi likashika.

Simu ilimkuta amerudi kwenye boza, amesimama nje ya ukuta wa Phulmati.

"Uko wapi, wewe?" Ilikuwa sauti ya Tyagi. "Wenzako wamerudi kujaza tena."

"Limezimika, bwana. Haliwaki."

"Betri, siyo? Nilijua tu. Hizi mpya walizotununulia ni takataka. Sikiliza, usihangaike. Nitasema imekufa yenyewe, nikuletee nyingine, na hakuna wa kuuliza. Imekufa yenyewe, siyo?"

Hoshiar aliegemeza paji la uso kwenye ukuta. Lilikuwa pendekezo zuri, la mtu mwema. Mahipal angebaki na bajaji yake, uchochoro ungepata maji kesho.

"Hoshiar? Unanisikia?"

"Haikufa," alisema.

Tyagi akanyamaza. Na katika kunyamaza kule, kwa kuwa hakukuwa na injini ya kufunika sauti nyingine, Hoshiar alisikia kupitia ukutani kitu ambacho miezi yote hiyo hakuwahi kukisikia: pumzi ya Phulmati. Iliingia kwa filimbi nyembamba, ikakwama, ikatafuta njia, ikatoka. Aligundua kwamba naye amezuia yake. Simu ikiwa sikioni bado, alisimama akiisubiri inayofuata.