Komeo la Sanaba

Kaniba alimkuta mzee Nci, mhunzi na mchonga mbao wa kijiji, ameketi kwenye vumbi la mbao akichonga komeo la mlango. Hakuuliza la nani. Binti mkubwa wa Kaniba, Tenin, alikufa na uzazi kabla ya mvua kuanza, na sasa mkwe, Bafin, alimtaka mdogo wa marehemu, Sanaba, azibe pengo. Na kila bibi harusi huchongewa komeo lake.

Kaniba akapiga magoti. "Mzee Nci, neno la mhunzi halirudishwi. Kaseme na mume wangu. Nyumba ile imeshanimezea mtoto mmoja. Nisipeleke na wa pili."

"Nilikwenda jana, mama Tenin." Mzee hakuinua macho. "Akaniambia, 'Kola yao ya posa nimeshaitafuna. Sasa niitapike?'"

"Basi chelewesha. Sema mti umepasuka."

"Watakwenda kwa yule wa ng'ambo ya mto, anayechonga kama mtu anayepasua kuni."

Kaniba akalitazama komeo. Lilikuwa na umbo la kenge, mgongoni mistari myembamba kama mawimbi. Lilikuwa zuri kuliko la Tenin. Uzuri huo ndio uliomtoa machozi.

Mzee akachukua kipande cha mti, akakipachika meno matatu ya chuma, akakijaribu. Gogo la komeo likateleza.

"Ufunguo wa pili. Bafin hatajua. Zaidi ya hapo sina uwezo."

"Nimfungulie, halafu nimpeleke wapi? Kwa baba yake aliyemtoa?"

Mzee akamwekea ufunguo kiganjani. Kaniba akaufunga kwenye pindo la nguo, akaondoka.

Siku ya harusi mashangazi walimwogesha Sanaba, wakamfunika shuka jeupe, wakampeleka kwa ngoma. Mlangoni pa Bafin akageuka.

"Mama, kesho utakuja?"

Mama yake Bafin akadakia, "Aje kufanya nini? Au umesikia huku hatupiki?"

Wanawake wakaangua kicheko. Kaniba naye akacheka, kwa kuwa watu walikuwa wakimtazama. Sanaba akasubiri kidogo, akitafuta uso wa mama yake katikati ya vichwa vile, mpaka shangazi mmoja akamsukuma ndani taratibu kwa kiganja.

Ngoma zikapanda. Mtu akamtia Kaniba ungo wa mtama mikononi, akamwambia wageni wana njaa. Akaketi chini, ufunguo ungali kwenye pindo la nguo, akaanza kupepeta.