Nafasi ya Ojara

...na bado fidla zinaendelea, hazichoki hizi, mwalimu amewainamia wapigaji kama anayewabembeleza, zamu yetu ya kuimba bado, nami nimesimama hapa na gauni langu jeupe, baridi inanipiga shingoni kwa sababu nyuma yangu, kwenye wanaume wa sauti ya nne, hakuna mtu, pale ni pa Ojara, mume wangu, pamebaki wazi tangu wale askari wenzake walipomjia nyumbani Bugolobi, wakicheka naye kabisa, “Ojara, kuja kidogo tu, mkubwa nataka wewe,” na siku hizo Waacholi kama yeye walikuwa wakiitwa mmoja mmoja, hawarudi, akatoka na ndala, akasema nisimfunikie chakula, anarudi sasa hivi... nikakifunika, kikachacha... nimemtafuta Mulago kwenye chumba cha maiti, sikumwona, basi watu wakasema labda amevuka mpaka, mtu na ndala atavuka mpaka gani, lakini nami nilimwambia mama yake hivyo hivyo, kwa mdomo huu huu, Mama, Ojara yuko safarini, kwa hiyo hakuna matanga, hakuna aliyelia, na mimi ni nani sasa, si mke, si mjane, napika sufuria dogo nakula peke yangu, na viatu vyake vyeusi vya kwaya viko kwenye kikapu chini ya benchi, nimevipiga rangi leo tena, eti akija moja kwa moja ukumbini asiimbe na ndala mbele ya wakubwa, wazimu huo, Aloyo, wazimu mtupu, na hakuna hata wa kukucheka... sijui kusoma nota, sijawahi kumtazama mwalimu, mimi huingia kwa pumzi ya Ojara, alikuwa anaivuta puani kwa nguvu, nikiisikia naingia, nyumbani akinitania, we mwanamke umeolewa na mimi au na pua yangu, na tangu aondoke nafungua mdomo tu, sauti haitoki, hakuna aliyegundua... Marjan, kiongozi wao wa sauti ya nne, alinifuata mlangoni leo, “Dada, sisi nafunga ile mahali ya Ojara, wakubwa iko mbele, wakiona wazi watauliza ni ya nani,” nikamjibu, “Wacha, Marjan. Yeye nakuja,” akatazama kikapu, akanipisha nipite, ana roho nzuri mno, na wakiuliza ataulizwa yeye, ana watoto yule... na sasa huyu mkubwa wa mstari wa mbele, mwenye nyota mabegani, anapitisha macho kwenye nyuso zetu, mstari kwa mstari, amefika kwetu, amesita, Marjan ameacha kupumua, nasikia kabisa ameacha, hivi mimi nangoja nini, mtu mzima nangoja nini, Ojara amekufa, haya, nimesema, amekufa, hata ndala zake hawakunipa, machozi yanashuka na siwezi kuyafuta, sigeuki, nasema bila kufungua meno, “Funga, Marjan.” “Dada?” “Funga mahali yake,” na mabega yanasogea nyuma yangu, polepole, baridi shingoni inakatika, pumzi ya mtu mwingine, ya moto, si yake, na fidla bado zinaendelea, nainua uso, kwa mara ya kwanza nautazama mkono wa mwalimu