Mmanga na Mchakma

"Chemka! Nimesikia. Maji huchemka, chai huchemka. Kabila gani hilo la kuchemka?"

"Chakma, mama, Chakma!" Sauti ya Thuraya ilikuwa imeshapanda. "Na ukimwita Bangali tena anaondoka. Litazame begi lake."

Begi lilikuwa mlangoni, na Rupali, mtumishi wao, kasimama kando yake. Yeye ndiye aliyekuwa akimnyanyua Bi Tufool, mama yake Thuraya, akimkogesha, akimlisha. Akienda, Thuraya itambidi aache kazi yake ya manispaa, abaki kumuuguza mama nyumbani.

"Pasi yake imeandikwa Bangladeshi," alisema Bi Tufool. "Basi ni Bangali. Jana nimesema hivyo mbele ya wageni wangu, kosa langu nini?"

"Bangali watu wengine, bibi," alisema Rupali kwa Kiswahili alichokiokota humo humo nyumbani. "Sisi tuna lugha yetu. Wazee wanasema tumetoka Champaknagar. Mtoto wa mfalme alikwenda vitani na watu wake, hakurudi tena."

"Wapi huko?"

"Hakuna anayejua. Na nyumba ya bibi yangu iko chini ya maji, serikali ilijenga bwawa la umeme. Ndugu zake walikimbilia India. Mpaka leo wanaambiwa, rudini kwenu."

"Mji haujulikani, nyumba imo majini!" Bi Tufool alicheka mpaka akakohoa. "Huyu katoka wapi, basi?"

Thuraya alimgeukia mama yake.

"Mama, Unguja walikuwa wakituita nani?"

Bi Tufool aligeuza uso, Thuraya akajibu mwenyewe.

"Wamanga. Kama tulioshuka jana kutoka Uarabuni. Na tuliporudi hapa Ibra, Omani, kwa babu zetu wenyewe?"

"Wazinjibari, watu wa Zanzibar," Bi Tufool alijibu shingo upande. "Wala sikupenda. Mimi nina kabila langu."

"Na yeye analo lake."

"Si sawasawa! Kwetu kunajulikana. Bangali huyu..."

Khalas, yatosha. Thuraya alikamata kikombe cha maji na vidonge.

"Haya, Mmanga, fumbua kinywa."

"Unamwita nani Mmanga?"

"Wewe. Kila utakaposema Bangali. Na mbele ya wageni pia."

"Huthubutu!"

Mlango uligongwa. Alikuwa Bi Buthaina, jirani, amekuja kunywa kahawa.

"Karibu, shangazi, pita!" Thuraya aliita kwa nguvu, mtaa wote usikie. "Mmanga wetu yupo ndani, anameza dawa!"

Bi Tufool alivimeza vidonge kwa mkupuo mmoja.

"Rupali! We Mchakma! Niletee kanga yangu, upesi, kabla mwanangu hajaniua kwa aibu!"

Rupali alilisukuma begi kwa mguu nyuma ya mlango, akaenda kuifuata kanga.