Mtani Aliyechukua Mchezo Wangu

Barazani kwa Bi Mastura, hapa Ngamiani, nilikuwa na darasa lisilo na ubao wala kengele. Watoto wa mtaa walikaa mkekani, nami nikasema, "Paka. Mfukuzeni pa, mleteni ta."

"Taka!"

"Mfukuzeni ta, mleteni wa."

"Waka!"

Sauti inatoka, nyingine inaingia, mtoto anacheka, na akishika kitabu hababaiki. Saleha, mjukuu wa Bi Mastura, alifika hajui a wala be. Sasa anasoma hata maandishi ya gunia la unga.

Zebedayo alikuja kila alasiri kumaliza kashata zangu. Yeye Mnyamwezi, baba yake mkata mkonge wa Muheza. Mimi Mzigua wa Mkwaja. Kwa hiyo sisi ni watani. Mtani akikuvua kofia msibani, unacheka. Ukikasirika, wewe ndiye huna adabu.

"Sadalla, ukifa nitarithi watoto hawa," aliniambia.

"Rithi sabuni kwanza."

Basi shule ya jirani ikatafuta mwalimu wa darasa la kwanza. Nilikuwa nimemaliza darasa la kumi, na kazi ile niliitaka kuliko chakula. Nikamweleza Zebedayo jinsi nitakavyomwonyesha mkuu wa shule mchezo wangu Jumatatu. Alisikiliza kimya, bila hata tusi moja. Mtani asiyetukana ni wa kuogopwa, lakini mimi nilidhani ananionea fahari.

Jumatatu nikafika shuleni, nikasikia dirishani, "Mfukuzeni pa, mleteni ta." Zebedayo alikuwa amesimama mbele ya darasa, na Saleha wangu akijibu. Alikuwa amemchukua kwa bibi yake asubuhi, akisema, "Sadalla kanituma." Mkuu alikwisha kumpa kazi.

"Mchezo huo ni wangu, mzee," nikamwambia mkuu nikiingia.

Zebedayo akanikumbatia bega. "Msamehe, mzee. Mzigua huyu mtani wangu. Kesho atasema hata mama yangu ni wake."

Mkuu akacheka mpaka akafuta macho. Nikaapa, akacheka zaidi.

Zebedayo akanifuata uani. "Mtani, umekasirika?"

Jibu nilikuwa nalo, tena la kumvua nguo. Nikalimeza. Nikampa mkono kama mtu anavyompa mgeni wa serikali.

"Hapana, Mwalimu Zebedayo. Nakutakia kazi njema."

Akabaki ananitazama, akisubiri tusi. Nikamshika Saleha mkono, nikamrudisha kwa bibi yake.