Panga la Mashoto

Mhunzi Belayong alinitandikia mapanga sita mkekani. "Chagua, Baba Unggat. Hili jepesi la kufyekea. Hili zito, nguruwe pori akikuvamia, pigo moja tu!"

Niliyasukuma yote. "Haya yamenolewa upande mmoja tu, kwa ajili ya mkono wa kulia. Nataka la mashoto."

Akacheka. "Uzee huo! Mashoto si wewe, ni mwanao. Mlete nimpime kiganja."

Habari zilikuwa hazijafika kwake, huko juu mtoni. Miaka mitatu Unggat aliniomba panga lake mwenyewe, nami nikamfokea kwamba langu linatosha, ajizoeze kama wanaume wengine. Mwezi uliopita nguruwe alimvamia shambani. Unggat alimkata kwa mkono wake wa kushoto, panga langu likateleza ubavuni mwa nguruwe kama kijiti. Hakupata nafasi ya pigo la pili.

Nilimnyooshea Belayong kiganja changu cha kushoto. "Pima hiki. Chake kilikuwa sawa na hiki."

Akaacha kucheka.

"Kaburini tumemwekea vitu vyake vyote," nikamwambia. "Chungu, kapu, nyavu. Limebaki panga. Langu siwezi kumpa mara ya pili."